Ubongo wa Mgonjwa Usihojiwe kwa Lugha Isiyo Yake

Kila mara mtambo mpya wa kupiga picha za mwili unapowasili katika hospitali ya eneo hili la Ziwa, hufanyika sherehe. Wakubwa hukata utepe, waandishi wa habari huupiga picha mtambo wenyewe, na wananchi huambiwa kwamba sasa hakuna haja tena ya kuabiri basi la usiku kwenda Nairobi. Sina ugomvi na sherehe hizo. Mtu aliyepigwa na kiharusi akiwa Kisumu, Siaya, Homa Bay au Busia anastahili kuchunguzwa karibu na kwao, tena upesi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wahutubu wa sherehe hizo hawalitaji, nalo ndilo ninalokusudia kulijadili leo. Mtambo wa kuchunguza ubongo hauoni lugha. Huona damu, maji, uvimbe na kovu. Ili uonyeshe mahali lugha inapofanya kazi, ni lazima kwanza mgonjwa aulizwe swali, na swali huulizwa kwa lugha fulani. Iwapo lugha hiyo si ya mgonjwa, picha itakayotoka itakuwa safi na jibu litakuwa la uongo.

Jambo hili sikujifunza maktabani. Nilijifunza kwa mzee aliyenifundisha Kiswahili katika shule ya msingi, mtu aliyetukariria ngeli kama mwinjilisti anavyokariri zaburi. Asubuhi moja, miaka kadhaa baada ya kustaafu, aliamka mdomo umepinda, mkono wa kulia umelegea na ulimi haumtii. Alipelekwa katika hospitali ambayo jina lake halina umuhimu hapa. Skani ilionyesha kuwa mshipa mmoja wa upande wa kushoto wa ubongo ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Alitibiwa, akapona maisha.

Baada ya majuma matatu alikuja kijana mpole mwenye bunda la kadi za michoro. Alimwonyesha Mwalimu kadi moja baada ya nyingine huku akimuuliza kwa Kiingereza, "Hiki ni nini?" Mwalimu alizitazama kadi, akamtazama kijana, kisha akageuzia uso ukutani. Katika faili yake iliandikwa kwamba hana usemi. Kijana yule hakuwa na kosa. Alikuwa amepewa kadi alizopewa na lugha aliyofundishiwa.

Miezi miwili baadaye nilikwenda kumtazama nyumbani kwake Seme. Tulikaa chini ya mwembe. Wajukuu wake walikuwa wakijiandaa kucheza ajua, ule mchezo wetu wa bao, na mmoja wao akamwaga kokoto zote mbele ya kiti cha babu. Mwalimu aliinua mkono wake wa kushoto, akazielekezea kidole, akasema: "Kite."

Binti yake aliacha alichokuwa akikifanya. "Omera, umesikia?" aliniuliza. "Baba amesema."

Msomaji asiyejua Dholuo aniruhusu nieleze kwa nini neno hilo moja lilinifanya nisimame. Jiwe moja huitwa "kidi". Mawe mengi huitwa "kite". Sauti ya "d" imegeuka kuwa "t". Sasa tazama mlima: mlima mmoja ni "got", milima mingi ni "gode". Huku "t" ndiyo iliyogeuka kuwa "d". Kubadilishana huku kwa konsonanti kumewashughulisha wanaisimu kwa miongo mingi, na Okoth-Okombo alikuchambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu mofofonolojia ya Dholuo. Mzee ambaye faili yake ilisema hana usemi alikuwa ameona kokoto nyingi, akachagua umbo la wingi, akalitamka sawasawa.

Nikiri kwamba mtaalamu hapaswi kurukwa na furaha mapema. Wagonjwa wengi waliopoteza lugha hubakiwa na mabaki ya usemi: salamu, kuhesabu moja hadi kumi, nyimbo za kanisani, hata matusi. Lau Mwalimu angeitikia salamu, ningefurahi kama jamaa lakini nisingeandika lolote kama mwanaisimu. "Kite" haikuwa salamu. Lilikuwa jina la kitu kilichokuwa mbele yake, kwa idadi yake. Lugha haikuwa imekufa, ila ilikuwa haijabishiwa hodi kwenye mlango wake.

Hali iliyompata Mwalimu madaktari huiita afasia, yaani upungufu wa lugha utokanao na kujeruhiwa kwa ubongo. Inakadiriwa kwamba takribani theluthi moja ya watu wanaonusurika kiharusi hupatwa nayo. Kiharusi chenyewe si ugonjwa wa wachache. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 au zaidi atapigwa na kiharusi wakati fulani wa maisha yake. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote.

Kwamba lugha ina makao yake ubongoni tulifahamu tangu mwaka 1861, wakati daktari Mfaransa Paul Broca alipouchunguza ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan". Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine, ya watu wanaosema kwa ufasaha lakini maneno yao hayana maana na ya wenzao hawayaelewi. Wote wawili walilazimika kungoja mgonjwa afe ndipo wauone ubongo wake. Skani ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa aliye hai kwa mtambo wa CT ilipigwa London mwaka 1971, kwa ubunifu wa Godfrey Hounsfield. Yeye na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Ulifuata mtambo wa sumaku, na mnamo mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wakaonyesha kuwa sumaku hiyo inaweza kufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Tangu hapo iliwezekana kuutazama ubongo ukiwa kazini: mtu amelala ndani ya mtambo, anataja majina ya vitu, na sehemu inayofanya kazi hiyo inajitokeza katika picha.

Sambamba na historia hiyo ya picha kuna historia ya umeme. Watu wa Ziwa hawapaswi kuishangaa sana. Katika maji yetu yumo samaki mwenye mdomo mrefu uliochongoka, ambaye wavuvi wa upande wa Tanzania humwita domodomo. Samaki huyo hutoa umeme kutoka karibu na mkia wake, umeme hafifu kiasi kwamba mkono wa mvuvi hausikii lolote, na kwa umeme huo hutambua njia yake gizani na katika maji ya tope. Ubongo wetu nao hufanya kazi kwa umeme hafifu. Mjerumani Hans Berger aliunasa umeme huo kutoka nje ya fuvu la binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akatangaza matokeo yake mwaka 1929.

Ikiwa ubongo hutoa umeme, je, waweza kupewa umeme ukasaidika? Mwaka 1870 Fritsch na Hitzig, huko Berlin, waligusa ubongo wa mbwa kwa nyaya za umeme na viungo vya mbwa vikacheza. Katika karne ya ishirini daktari mpasuaji Wilder Penfield wa Montreal aligusa hivyo hivyo ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho, ili ajue sehemu za usemi na aziepuke kisu kikipita. Kisha mwaka 2000 Nitsche na Paulus, wa Göttingen nchini Ujerumani, wakaonyesha kwamba mkondo hafifu unaopitishwa juu ya ngozi ya kichwa, bila kisu na bila maumivu makubwa, huweza kubadilisha kwa muda wepesi wa ubongo kuitikia. Ni mkondo wa miliampia moja au mbili, unaotoka kwenye betri na kupitia sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi.

Wazo la tiba ni rahisi kulieleza. Mgonjwa wa kiharusi hufanyishwa mazoezi ya usemi au ya mkono, na wakati uo huo sehemu inayohusika ya ubongo hupewa mkondo huo ili iwe nyepesi kujifunza. Umeme haufundishi neno hata moja. Kazi ya kufundisha ni ya mazoezi, nao umeme hulainisha udongo kabla ya jembe. Lakini jembe lilimwe wapi? Hapo ndipo picha za ubongo zinapohitajika, kwa sababu tatu.

Kwanza, kiharusi hakijeruhi watu wawili mahali pamoja kwa kiasi kimoja. Ukiweka sponji juu ya sehemu iliyokwisha kufa, unamwagilia mwamba. Pili, pale ubongo ulipokufa hubaki shimo lililojaa maji ya chumvichumvi, na umeme hupita katika maji hayo kwa urahisi kuliko katika nyama ya ubongo. Mkondo uliokusudiwa kwenda mahali fulani huweza kupotoka, kama maji ya mto Nyando yanavyofuata mfereji uliochimbwa na mafuriko ya mwaka jana. Tatu, baadhi ya wagonjwa waliojeruhiwa upande wa kushoto huanza kuutumia upande wa kulia wa ubongo katika usemi, na wataalamu bado wanabishana iwapo msaada huo wa upande wa pili ni wa kuimarishwa au wa kuzuiwa. Bila picha, kabla na baada ya tiba, anayetibu huwa kama mtu anayelenga gizani.

Ushahidi unasemaje? Mwaka 2018 kundi la watafiti la Julius Fridriksson nchini Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 74 wa afasia. Wote walipewa vikao 15 vya mazoezi ya kutaja majina. Takribani nusu yao walipata mkondo wa kweli wa miliampia moja kwa dakika 20 katika kila kikao, na waliosalia wakapata mkondo wa kujifanya tu. Waliopewa mkondo wa kweli waliongeza maneno mengi zaidi kuliko wenzao, na watafiti wakaamua kwamba njia hiyo inastahili jaribio kubwa zaidi. Kwa upande mwingine, tathmini ya tafiti nyingi iliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2019 ilisema kwamba upo ushahidi kidogo wa kusaidia utajaji wa nomino, lakini haukupatikana ushahidi kwamba mgonjwa huzungumza vizuri zaidi katika maisha yake ya kila siku. Kwa hiyo, asije mtu kutuuzia betri na sponji kando ya barabara pale Kondele akidai anarudisha usemi. Tiba hii ingali katika maabara, na mahali pake ni mikononi mwa wataalamu.

Sasa naomba msomaji arudie nami jambo moja katika jaribio lile la mwaka 2018. Watafiti walijuaje mahali pa kuweka sponji kwa kila mgonjwa? Walimlaza katika mtambo wa sumaku, wakamwonyesha picha, wakamtaka ataje majina. Sehemu ya upande wa kushoto iliyochangamka zaidi alipokuwa akitaja majina ndiyo iliyolengwa kwa umeme. Katika mlolongo huo wote wenye fizikia na hesabu ngumu, kiungo cha kwanza ni mtu kuonyeshwa picha na kuulizwa, "Hiki ni nini?" Ni swali lile lile la kijana aliyekuwa kitandani mwa Mwalimu, kwa kadi za namna ile ile.

Na kadi hizo zina nini? Mtihani mmoja unaotumika sana duniani ni ule wa Boston wa kutaja majina, uliochapishwa mwaka 1983, wenye michoro 60. Miongoni mwayo yumo mnyama wa mito ya Marekani ajengaye mabwawa kwa magogo, imo nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini ya mbali, umo mkate uliosokotwa kama fundo la kamba, na imo mboga ya bustani za Ulaya ambayo haijawahi kuanikwa sokoni Kibuye. Mpe mtihani huo mama muuza omena wa Dunga ambaye ubongo wake ni mzima kabisa. Atashindwa. Je, tumwekee umeme kichwani?

Tatizo haliishi kwenye michoro migeni. Mwonyeshe mvuvi wa Usenge mchoro wa samaki. Hatakuambia "rech", neno la Dholuo la samaki kwa jumla. Atakuambia ngege, au mbuta, au kamongo, kwa kuwa kwake samaki asiye na jina lake mahususi si kitu cha kutajwa. Karatasi ya majibu iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza inangoja neno moja tu, na jibu la mvuvi, ambalo ni bora zaidi, laweza kuandikwa kuwa kosa.

Tukiingia katika sarufi, pengo linazidi kupanuka. Vitabu vya afasia vilivyoandikwa kwa kutegemea Kiingereza vinafundisha kwamba mgonjwa wa aina ya Broca hudondosha viambishi na kubakiza maneno matupu. Kwa Kiingereza hilo linawezekana, kwa kuwa kitenzi kikivuliwa viambishi kinabaki neno kamili. Katika Kiswahili, chukua sentensi "Watoto wanakula". Vua kila kiambishi katika kitenzi, na kinachobaki ni "l" peke yake, sauti ambayo haisemeki kama neno. Chukua "wanasoma". Ukivua viambishi unabaki na "soma", ambalo kwetu ni amri. Mgonjwa akikuambia "soma", je, amepoteza sarufi au anakuagiza ushike kitabu? Watafiti wa Kiebrania walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1980 kwamba katika lugha ambazo mzizi hauwezi kusimama peke yake, mgonjwa hadondoshi bali hubadilisha: huweka kiambishi kimoja mahali pa kingine. Mwenye kutumia kipimo cha Kiingereza anasubiri kosa ambalo Kiswahili hakiliruhusu, na kosa lenyewe linapita mbele ya macho yake bila kuandikwa. Ongeza hapo Dholuo, lugha ya toni, ambayo kanuni yake ya "kidi" na "kite" haimo katika kipimo chochote kilichotafsiriwa.

Isitoshe, wagonjwa wetu si watu wa lugha moja. Mkazi wa kawaida wa Kisumu huamkia Dholuo nyumbani, hujadiliana bei kwa Kiswahili na hujaza fomu kwa Kiingereza. Kuna majirani wanaosema lugha za Kiluhya na Ekegusii, kuna familia za Kihindi zenye Kigujarati tangu siku za ujenzi wa reli, na katika visiwa vya Rusinga na Mfangano wapo wazee wenye Olusuba, lugha ambayo vijana wao wameiachia Dholuo. Mtu kama huyo akijeruhiwa ubongo, lugha ipi hurudi kwanza? Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alieleza kwamba kilichopatikana mapema ndicho kinachodumu, hivyo ni lugha ya utotoni. Mwaka 1895 mwenzake Albert Pitres akapinga: hurudi ile iliyotumiwa zaidi siku za karibu na ugonjwa. Hoja zote mbili zina wagonjwa wa kuziunga mkono na wa kuzipinga. Ndiyo sababu Michel Paradis wa Montreal, alipotoa mwaka 1987 kipimo chake cha afasia kwa watu wa lugha nyingi, alisisitiza kwamba kila lugha ya mgonjwa ipimwe, na kwamba kipimo kitungwe upya kwa kila lugha badala ya kutafsiriwa. Mwalimu wangu alipimwa kwa lugha yake ya tatu, na hukumu ikatolewa juu ya zote tatu.

Nasikia tayari pingamizi la msomaji. Atasema: "Daktari, nchi hii ina wilaya ambazo hata dawa za shinikizo la damu huadimika, nawe watuletea habari za umeme na sumaku!" Pingamizi hilo ni la haki, na nakubali nusu yake. Kipimo cha shinikizo la damu katika kila zahanati kitaokoa watu wengi kuliko mtambo wowote. Mtu aliyepindika mdomo ghafla, aliyelegea mkono au aliyepotewa na usemi akimbizwe hospitali papo hapo, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, yaani saa nne na nusu hivi, na haitolewi mpaka skani ithibitishe kwamba mshipa haukupasuka. Hayo ndiyo ya kwanza.

Nusu ya pili siikubali. Mitambo inakuja, tupende tusipende, na inazidi kuwa midogo na nafuu. Ng'ambo ya Ziwa, katika Chuo Kikuu cha Mbarara nchini Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na vyuo vya Uholanzi na Marekani, waliunganisha mwaka 2022 mtambo wa sumaku wa nguvu ndogo kwa ajili ya kuchunguza vichwa vya watoto wenye maji ubongoni. Nchini Gambia, watafiti wamechunguza ubongo wa watoto wachanga katika kijiji cha Keneba kwa kofia yenye miale ya mwanga, bila hata chumba maalumu. Siku vifaa kama hivyo vitakapofika kando ya vitanda vya Kisumu, fizikia yake itakuwa tayari, kwa kuwa fizikia ya Mbarara na ya Boston ni moja. Kitakachokosekana ni maswali ya kumuuliza mgonjwa. Hayo hakuna nchi itakayotutengenezea, wala hayakodishwi pamoja na mtambo.

Nani basi atayatengeneza? Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu wa Kisumu wangali wanaiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, ndiyo inayofundishia wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno. Chuo hicho hicho kina wanaisimu. Hali ni hiyo katika vyuo vingine vyenye fani hizi mbili nchini. Wanafunzi wa udaktari hufundishwa ubongo kwa Kiingereza bila kuambiwa kwamba lugha za wagonjwa wao zina sarufi tofauti. Wanafunzi wa isimu huchambua viambishi kwa miaka minne bila kuingia wodini hata siku moja. Tumejenga nyumba mbili katika boma moja bila njia ya kupita kati yake, na mgonjwa amelala pale katikati.

Kazi yenyewe haihitaji mamilioni. Inahitaji michoro mia moja au mbili ya vitu vinavyojulikana hapa: nyatiti, koroboi, jembe, mtumbwi, magugumaji, karai, ngege. Inahitaji watu wazima mia kadhaa wasio wagonjwa, wa mjini na wa mashambani, waliosoma na wasiosoma, ili tujue kila mchoro huitwaje na kwa majina mangapi yanayokubalika. Inahitaji sentensi zilizotungwa kwa kufuata ngeli za Kiswahili na wingi wa Dholuo. Kila mwaka wanafunzi wetu wa shahada huandika tasnifu, nyingi zikirudia mada zilizokwisha kuchakaa. Ninyi vijana mnaonisoma, hapa pana mada ambazo hazijachakaa, na matokeo yake yatatumiwa na mtu kabla ya karatasi kukauka wino. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya saba, inaiagiza serikali iendeleze lugha za kiasili na matumizi yake. Sijui matumizi yenye uzito kuliko kumpa mgonjwa nafasi ya kujibu.

Nina neno pia kwa walimu wenzangu wa shule za msingi. Kiharusi hakiwapigi wazee pekee. Katika eneo hili la malaria nyingi, ugonjwa wa selimundu umeenea, na watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 1998 kwamba takribani mmoja katika kila watoto kumi wenye aina kali ya ugonjwa huo, wasipopata tiba ya kuzuia, hupigwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima mwendo wa damu katika mishipa ya kichwa na kutabiri nani yumo hatarini, na zipo dawa za kupunguza hatari hiyo. Lakini anayemwona mtoto kila siku ni mwalimu. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono darasani, akawa ghafla hamalizi sentensi, asiitwe mkaidi wala mvivu. Muulize kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtazame mkono anaoandikia. Kisha mwite mzazi siku hiyo hiyo, mwende naye hospitali.

Mwalimu wangu hakuwekewa umeme kichwani, na wala sidai kwamba ungemponya. Tulichokifanya ni kidogo. Binti yake alimtenga kila asubuhi muda wa kutaja vitu vya bomani kwa Dholuo, kimoja kikimoja, kisha kwa wingi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na maneno ya kutosha kuagiza chai, kukemea wajukuu na kuuliza habari za shule. Kiswahili chake kilirudi nyuma ya Dholuo, kikiwa na ngeli zilizochanganyika, naye alikuwa akilisikia kosa na kusikitika kama alivyokuwa akisikitikia madaftari yetu. Kiingereza hakikurudi. Faili yake, kwa kadiri nijuavyo, ingali inasema kwamba hana usemi.